Ubao Mmoja, Walimu Wawili

Kambi ya Wajenzi,
Chumba cha mwisho, nyuma ya matangi ya maji.
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu, Mwalimu,

Salamu nyingi kabla ya lolote. U hali gani? Kifua kimepona, au vumbi la chaki bado linakusumbua? Nauliza kwa dhati, maana mara ya mwisho tulipoongea kwenye simu ulikohoa zaidi kuliko ulivyozungumza. Kunywa maji ya moto, na usilale dirisha likiwa wazi.

Mimi ni mzima. Mgongo ndio wenye maneno yake, lakini mgongo wa mbeba zege usipolalamika ujue mwenyewe amekwisha kufa. Kile kidole nilichokibana mlangoni kimeota ukucha mpya, mdogo na laini kama wa mtoto mchanga. Wenzangu wa chumbani wanakuja kuutazama kama wageni wa uzazi. Bado hakuna aliyeleta zawadi.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mpaka mikunjo inataka kukatika. Ningeweza kukupigia simu nikujibu, lakini kwenye simu hunipi nafasi. Tangu uanze kazi ya kusema na watu wanaonyoosha kidole kabla ya kufungua mdomo, umesahau kwamba mimi sinyooshi. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, utake usitake.

Nianze na lililo baya, kwa sababu nikianza na zuri nitalifunika. Nakuonea wivu. Si wivu wa utani. Ni ule unaokaa kooni kama tonge kavu.

Juzi nilimpigia mama. Tukiwa tunaongea nikamsikia mwenye duka akiita kutoka nje, “Mama Mwalimu! Sabuni yako umeiacha!” Na mama akaitika, “Abee!” kama vile jina hilo alilikuta tumboni mwa bibi. Mdogo wangu, mimi ndiye mtoto wa kwanza. Tangu nizaliwe mama anaitwa kwa jina langu. Hata nilipopewa la utani kwa ajili ya huu urefu, wakamwita Mama Mlingoti, hakukasirika, aliitika vilevile. Leo mlingoti umeng'olewa, imesimamishwa bendera mpya. Nikamwuliza, “Mama, siku hizi unaitwa nani?” Akacheka. “Mwanangu, watu na midomo yao.” Kisha akaanza kunieleza ulivyopendeza katika ile picha uliyoshika kijiti cha kuonyeshea ubaoni. Anasema ameitundika sebuleni, mgeni akiingia tu anakutana nayo. Nikamwuliza yangu iko wapi. “Ipo,” akasema, “ipo salama.” Kitu kikiambiwa kiko salama, ujue kiko kabatini.

Usidhani nakulaumu. Hakuna aliyenitoa shule ili wewe usome, hizo ni hadithi za nyumba nyingine. Mimi ni mtihani ulionitema, kama mtu anavyotema kokwa. Wewe mtihani uleule uliufanya una homa, ukafaulu. Ndiyo maana wivu wangu hauna pa kushika. Ningekuwa na wa kumlaumu ningepumzika kidogo.

Ulipoandika kwamba ukiingia darasani asubuhi watoto wote wanasimama na kusema “Shikamoo Mwalimu” kwa pamoja, niliiweka barua kitandani nikatoka nje kwenda kutazama matangi. Mimi nikiingia kazini anayesimama ni mlinzi wa geti peke yake, naye husimama ili anipekue mfuko.

Sasa nije kwenye shida yako. Niruhusu niirudie nilivyoielewa, maana mtu wa nusu shule husoma nusu, na nikikosea unisahihishe kwa wino mwekundu.

Chumba ni kimoja na ubao ni mmoja. Asubuhi ni cha darasa lako, mchana ni cha darasa la yule mwalimu mtu mzima ambaye watoto wamempa jina la Bi Kengele kwa ajili ya sauti yake. Wewe umewaketisha watoto wako kwa makundi, wanatazamana, kama ulivyofundishwa chuoni. Yeye anataka mistari. Wewe ukimaliza unaondoka, madawati unayaacha yalivyo, na watoto wake wanaanza somo kwa kuyasukuma wayapange upya. Yeye naye kila jioni alikuwa anaacha maandishi yake ubaoni ili ayaendeleze kesho yake. Ukaingia asubuhi, ukafuta yote.

Akauliza nani amefuta. Ukamtuma mtoto, “Mwambie ubao ni wa shule.” Naye akamtuma mtoto mwingine, “Mwambie mwalimu wako madawati si mbuzi, hayarudi zizini yenyewe.” Hapo nilicheka mpaka jamaa wa kitanda cha juu akaning'iniza kichwa kuuliza kuna nini. Nilipomsomea, akasema, “Huyo mama ni hatari.” Samahani, lakini na mimi nilimpenda.

Na tangu siku hiyo hamsemezani. Mnapishana mlangoni kama watu wasiojuana. Kila ujumbe unabebwa na mtoto, na kila ujumbe una mwiba. Mpaka mwalimu mkuu akachoka, akakuita ofisini, akakwambia kikao cha wazazi kinakuja, na kwamba nyinyi wawili mtawapokea wazazi pamoja, katika chumba hichohicho. Msipoweza, hatakupendekeza uthibitishwe kazini. Bi Kengele alikwisha kuthibitishwa zamani, wewe bado hata jina lako kwenye mlango limeandikwa kwa penseli. Ndipo ukaniandikia, “Kaka, nimechoka. Nitafutie kazi huko uliko, hata ya ukarani. Kabla hawajanifukuza niondoke mwenyewe.”

Nilifurahi. Nakwambia ukweli kwa sababu ukiusikia kwa mwingine utauma zaidi. Nililala na furaha hiyo na nikaamka nayo. Ilikuwa tamu, na haikunitia aibu hata kidogo.

Siku iliyofuata nikaenda kwa nyapara wetu. Ilikuwa bahati, au nilidhani ni bahati, karani wa stoo alikuwa ameacha kazi.

“Nyapara, nina mdogo wangu wa kike, mwalimu. Mwandiko mzuri, hesabu anazijua.”

“Mwalimu? Anaacha kukaa kivulini aje kula saruji? Amefukuzwa?”

“Hajafukuzwa. Hapatani na mwenzake.”

Nyapara alicheka mpaka kofia yake ngumu ikamdondoka. “Mlingoti na wewe! Unajua karani wa stoo ameondoka kwa nini? Si wamenuniana na dereva wa lori? Dereva akileta misumari, karani anageuka kutazama ukuta! Haya, mlete. Aje apatane na dereva.”

Akaniwekea nafasi mpaka Ijumaa. Nikaondoka pale natembea juu ya hewa. Nikakuona unashuka getini na begi lako, mlinzi analifungua, anaingiza mkono. Nikaiona picha ya sebuleni inashushwa. Nikamsikia mwenye duka akirudia jina la zamani. Nilikuwa nakupangia maisha, mdogo wangu, na nilikupangia karibu kabisa na yangu, hatua moja chini.

Jumatano ndiyo iliyoniharibia.

Tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya juu. Kazi hiyo ina watu wawili wanaoishika roho yake. Chini yuko mmoja tunamwita Kijiko, anajaza ndoo kubwa ya chuma. Juu yuko Mzee wa Winchi, anaivuta ndoo ipande na kuishusha. Sisi wengine tuko juu na makoleo, tunapokea na kusambaza. Sasa Kijiko na Mzee wa Winchi walikuwa wamegombana. Kijiko alivaa kandambili za mzee kwenda bafuni, akazirudisha zimekatika, basi. Wakaacha kusemezana. Wakawa wanamtumia mpishi, ambaye jiko lake liko katikati ya njia. “Mpishi, mwambie huyo wa juu ashushe.” “Mpishi, mwambie huyo wa chini asijaze kupita kiasi, hii si beseni ya mama yake.” Mpishi akawa anapokea matusi ya huku na kuyapeleka kule, mwiko mkononi.

Jumatano hiyo mpishi akakataa. Akasimama katikati ya uwanja akapaza sauti, “Mimi si simu ya mtu! Sufuria yangu inaungua!” Akarudi jikoni akafunga mlango.

Kijiko akajaza ndoo, akakunja mikono. Mzee wa Winchi akakaa kusubiri aambiwe. Hakuna aliyemwambia. Sisi wa juu tukaegemea makoleo, kila mmoja akadhani ni mapumziko, tukashukuru Mungu. Mmoja akaanza hata kuimba.

Wajenzi wana neno lao, zege halilali. Likichanganywa limechanganywa, halisubiri mtu amalize kununa. Nyapara alipopanda kuuliza mbona kimya, lililokuwa kwenye ndoo lilikuwa limeshika, na pale tulipoachia juu pamekuwa ukingo mgumu usiofaa kuungwa na jipya. Tuliuvunja wote kwa nyundo na patasi. Na mimi, ambaye sijawahi kugusa kandambili za mtu, niligonga mpaka viganja vikawaka moto.

Nikiwa nimepiga magoti pale nikakukumbuka, na sikukukumbuka kwa mapenzi. Nilikuwa na hasira. Nilijisemea, kumbe wale watoto wanaosukuma madawati kila mchana ndio sisi. Na wale unaowatuma na maneno ni mpishi, isipokuwa wao hawana mlango wa jikoni wa kufunga. Mtoto anatoka kwako na mwiba, anarudi kutoka kwa Bi Kengele na mwiba, na hapo katikati anajifunza somo ambalo wewe hukulipanga.

Sikufundishi kazi yako. Ningejua kufundisha, mtihani usingenitema. Na katika jambo la makundi nadhani wewe ndiye mwenye haki. Uliniandikia habari za yule mtoto mwenye kigugumizi, aliyekuwa hafungui mdomo mbele ya darasa zima, na sasa anawasomea wenzake mezani mpaka mwisho wa ukurasa. Hilo sikulisahau. Laiti ningewekwa kwenye meza kama hiyo. Makundi usiyaache. Lakini haki uliyonayo kuhusu madawati umeitumia kama nyundo, na aliyepigwa nayo ni mtu ambaye wewe unamhitaji kila siku iendayo kwa Mungu.

Na lile la mzazi pia halikunipendeza. Yule baba aliyekuja kuuliza kwa nini mwanawe ameketi ameupa ubao mgongo, umesema ulimweleza kitaalamu, “ujifunzaji shirikishi,” naye akaenda kukushtaki kwa mwalimu mkuu. Umemwita mkorofi. Mdogo wangu, baba yule ni mimi. Amevaa shati lake zuri, ameomba ruhusa kazini, amefika shuleni mahali ambapo palimshinda zamani, na mtu mdogo kwa umri anamjibu kwa maneno yasiyoingia. Hasikii elimu hapo, anasikia anafukuzwa. Ungemwambia tu, “Baba, wakitazamana wanasaidiana kusoma, na wakati wa kuandika wote tunageukia ubaoni.” Angeondoka na kitu cha kumweleza mkewe.

Unataka kujua Kijiko na Mzee wa Winchi walipatanishwa na nani? Hakuna. Nyapara aliwafokea, haikusaidia. Kesho yake asubuhi Kijiko alipanda mwenyewe ngazi zote, akasimama mbele ya mzee, sisi tukaacha kazi tutazame ngumi.

“Nikiinua mkono, vuta,” akasema. “Nikiushusha, simamisha.”

Mzee akamtazama. “Mkono upi?”

“Wa kulia.”

“Usije ukaniinulia kwapa lako kwa kujikuna.”

“Nikijikuna nitatumia wa kushoto.”

“Haya. Shuka.”

Ndivyo ilivyokwisha. Hakuna aliyeomba radhi, na kandambili hazikutajwa. Wanachukiana mpaka leo, kila mmoja anakula upande wake, na zege linapanda bila tatizo. Sisi tulisikitika kidogo kukosa ngumi.

Hiki ndicho ninachotaka ukione. Hulazimishwi kumpenda Bi Kengele. Wewe unadhani mpaka moyo wako upoe ndipo uende kwake, na moyo wako naujua, haupoi. Nenda nao hivyohivyo una moto. Usiende na kipindi cha hotuba. Nenda na swali dogo la kazi. Mwulize maandishi yake angependa ubakize upande upi wa ubao. Akikuambia kulia, bakiza kulia, na siku hiyohiyo watoto wako wayarudishe madawati kabla ya kengele. Kisha kaa kimya. Asipokujibu vizuri, rudi kesho na swali jingine. Mtu mwenye sauti kama kengele hakosi jibu, atachoka kunyamaza kabla yako.

Na katika kikao, mwache yeye aanze kusema. Anawajua wazazi, wengine aliwafundisha wao wenyewe. Wewe ukifika zamu yako mtaje kwa heshima mbele yao, hata kama ulimi utauma. Wazazi hawaji kuangalia nani amesoma zaidi. Wanakuja kuangalia kama watoto wao wako katika mikono inayojuana.

Sasa lile la kazi ya stoo. Ijumaa ilifika. Nilikwenda kwa nyapara asubuhi, kabla sijavaa hata buti, maana nilijua nikichelewa nitabadilika. Nikamwambia mdogo wangu haji. Akaniuliza, “Wamepatana?” Nikasema, “Watapatana.” Akasema, “Wewe umejuaje?” Nikaenda kuvaa buti. Kiti hicho amepewa shemeji wa mpishi, ameanza kazi jana. Kwa hiyo huku hakuna pa kuja. Nimekufungia mlango bila kukuuliza. Ukasirike, una haki.

Usinishukuru wala usimwambie mama kwamba kaka ana moyo mzuri. Ungekuja, ningefurahi wiki moja, labda mbili. Baada ya hapo ningekuwa nakuona kila asubuhi unapekuliwa begi getini, na ningelazimika kukuhurumia. Huruma sina ya ziada, natumia yote mwenyewe. Wivu angalau unanipa nguvu ya kubeba karai. Hapa watu tunagombania kandambili. Nyinyi mnagombania ubao. Hata ugomvi wenu ni bora kuliko wetu, na nimeshindwa kuukubali uishie stoo.

Nisikuchoshe. Nisalimie mama, na shangazi wa kiwanda cha nyuzi, mwambie yale maumivu ya goti apake mafuta ya moto asipuuze. Baba mdogo mwambie baiskeli yangu aiendeshe lakini asimwazime mtu. Shemeji, yaani mumeo mtarajiwa ambaye bado hajajitokeza kwangu, mwambie najua yupo. Yule mtoto mwenye kigugumizi msalimie sana, mwambie kuna mtu mrefu mahali fulani anamsikiliza.

Na Bi Kengele naye nampa salamu, nyingi na za heshima, kutoka kwa kaka yako mbeba zege. Mwambie neno lake la madawati na mbuzi limetuchekesha chumba kizima. Salamu hizi umpelekee wewe mwenyewe, Jumatatu ya kwanza baada ya kuipata barua hii, kwa mdomo wako. Usimtume mtoto.

Mungu akulinde, akuzidishie sauti, na akuongezee masikio.

Ni mimi nikupendaye na kukuonea wivu kwa moyo huohuo mmoja,

Kaka yako,
Mlingoti.